Kindege, dubwi na fomula za kijiweni: ipi inakula pesa zaidi?

Kibanda changu cha uwakala kiko Temeke, hatua chache kutoka kijiwe cha bodaboda. Nimekaa nyuma ya meza hii miaka minne nikiwawekea watu pesa kwenye simu, na kuna jambo nimeliona ambalo wachezaji wenyewe hawalioni: kila fomula ya bahati ina alama yake kwenye daftari la wakala. Anayeamini kwamba zamu yake imefika huja na elfu mbili, akarudi baada ya nusu saa na elfu mbili nyingine. Anayedabo huja na elfu mbili, kisha nne, kisha nane, jasho likimtoka. Aliyewakiwa na nyota huja kutoa kwanza, anahesabu noti akicheka, na kabla ya isha amezirudisha zote. Na aliyenunua siri ya mchezo hutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, na amepitia zote hizo. Usiku mmoja, akiwa amepoteza hesabu ya bosi ya siku mbili, aliegemea meza akaniuliza: "Dada, wewe hesabu ulikuwa unaziweza shuleni. Katika hizi njia, ipi ina afadhali?"

Ningeweza kumjibu kwamba hakuna. Lakini jibu hilo halimfai mtu ambaye kesho atacheza tena. Nikaamua kuziweka fomula zote mezani, nizilinganishe moja baada ya nyingine kama mtu anavyolinganisha bei za mchele.

Kwanza nieleze kipimo nilichotumia. Sikuuliza ipi inatabiri vizuri, kwa sababu matokeo yanatoka yenyewe, fomula yako haiyafikii. Niliuliza maswali mawili: fomula hii inakufanya uzungushe pesa kiasi gani, na inakuweka kwenye simu muda gani? Hapo ndipo zinapotofautiana, na zinatofautiana sana.

Asilimia 3 inakatwa wapi

Mchezo unaochezwa sana kijiweni kwetu ni Aviator, kindege, wa kampuni ya Spribe, uliotoka mwaka 2019. Ndege inapaa, namba inapanda kutoka 1, na wewe unatakiwa kushuka kabla haijatoweka; ukiwahi, unalipwa dau lako mara namba uliyoshukia. Waliouunda wanatangaza kwamba unarudisha asilimia 97. Wengi wakisikia hivyo wanadhani mtu akiweka elfu kumi ataondoka na elfu tisa na mia saba.

Haiko hivyo. Ile 3 inakatwa, kwa wastani, kila mara pesa inapozunguka. Elfu kumi yako ukiicheza kwa dau la elfu moja moja, ukashinda, ukaliwa, ukarudisha tena, ndani ya jioni moja unaweza kuwa umeweka dau mara mia mbili. Hapo umezungusha laki mbili, na asilimia 3 ya laki mbili ni elfu sita. Mfukoni ulikuwa na elfu kumi tu, lakini makato yamepigwa kwenye laki mbili. Shika hesabu hiyo, maana ndiyo mzani wa yote yanayofuata.

"Zamu yake imefika"

Hii ndiyo fomula kongwe kuliko zote na ndiyo yenye wafuasi wengi. Juu ya skrini ya kindege kuna mstari wa namba zilizopita: za bluu ni chini ya 2, za zambarau ni kuanzia 2, na za pinki ni kuanzia 10. Vijana wanausoma mstari huo kama mkulima anavyosoma mawingu. Bluu sita zimefuatana, basi pinki iko njiani. Wa dubwi, zile mashine za kutumbukiza sarafu, nao wana lugha yao: mashine imeshiba, sasa itatapika.

Siwacheki, kwa sababu fikra hiyo katika maisha ya kawaida ni sahihi. Ukikaa kituoni dakika ishirini, daladala imekaribia kweli. Ndoo ikikingwa kwenye bomba, kila dakika inayopita inaikaribisha kujaa. Vitu hivyo vina kumbukumbu: maji yaliyoingia yamo, na dereva aliyeondoka Mbagala yuko barabarani. Kindege hakina kitu kilichobaki ndani yake kutoka mzunguko uliopita. Kila safari inaanza upya, haijui kama iliyotangulia iliishia 1.03 au 40.

Jumapili moja nilimkalisha mdogo wangu kibarazani na sarafu ya shilingi 200, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Nikamwambia kwanza abuni tu kichwani, bila kurusha, aandike K au S mara mia, jinsi anavyodhani zingetoka. Kisha arushe kweli mara mia na kuandika kwenye ukurasa wa pili. Kwenye ukurasa wa kubuni hakuna mahali alipoweka herufi moja zaidi ya mara tatu mfululizo. Kwenye ukurasa wa sarafu, katikati hivi, simba alitoka mara saba bila Karume kuonekana. Mdogo wangu aliigeuza sarafu, akaitazama pande zote mbili, akaigonga sakafuni. "Dada, hii sarafu ina nini?"

Haikuwa na kitu. Ukirusha sarafu mara mia, kupata sita za upande mmoja mfululizo kunatokea mara nyingi kuliko kutotokea. Bahati halisi ina mafungu mafungu, na sisi kichwani tunadhani itapangika kama mistari ya kanga. Kwenye kindege ni hivyo hivyo. Katika mizunguko mia mbili, kuona sita au saba mfululizo zisizofika 2 ni jambo la kawaida kabisa. Nafasi ya mzunguko unaofuata kufika 2 inabaki kama asilimia 48 na nusu, ile ile ya mwanzo.

Walioliwa kwa fomula hii wako kila nchi. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti, mchezo wa gurudumu lenye vyumba vyeusi na vyekundu, ulitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Gurudumu hilo lina vyumba 37, na 18 kati yake ni vyeusi. Kadiri nyeusi ilivyoendelea, watu walizidi kusukumana kuweka pesa kwenye nyekundu, na walipoteza mamilioni ya faranga. Nyeusi 26 mfululizo ni tukio la mara moja katika milioni 137 hivi. Lakini mtu aliyesimama pale baada ya ya 25 hakuwa anashindana na milioni 137, alikuwa anashindana na 18 kati ya 37 kama mtu aliyeingia mlangoni dakika ile. Karne moja kabla ya hapo, mwanahisabati Mfaransa Laplace alikuwa amekwisha kuandika juu ya watu wa nchi yake waliokimbilia namba za bahati nasibu zisizotoka muda mrefu, wakiamini zinadaiwa.

Gharama yake: nzito. Fomula ya zamu haina mahali pa kusimama. Ukiliwa, imani inaongezeka, kwa kuwa sasa "imekaribia zaidi". Ndiyo maana mteja wa aina hii hurudi kwangu kila nusu saa. Dau lake halipandi sana, ila mizunguko yake haina mwisho.

"Nyota imewaka" na ndugu yake, "leo nina nuksi"

Kundi hili linaamini kinyume cha lile la kwanza. Zamu inasema bahati itageuka, nyota inasema itaendelea. Mtu ameshinda mara nne, basi anajiona mkono wake umebarikiwa na anaongeza dau. Cha kushangaza ni kwamba mtu yuleyule hubeba imani zote mbili. Akiliwa anasema itageuka, akishinda anasema itaendelea, na kwa vyovyote vile anabaki kwenye simu.

Kwenye mpira nyota inaweza kujadiliwa. Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichunguza wachezaji wa mpira wa kikapu, wakasema hawaoni dalili ya mkono unaowaka. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo walionyesha kwamba hesabu ya wale wa kwanza ilikuwa na kasoro, na mjadala ukafunguka upya. Mjadala huo una maana kwa sababu mchezaji ana mwili, ana pumzi, ana siku ambayo miguu inamtii. Kwenye kindege mwili wako hauingii. Kidole chako kinabonyeza, hakirushi.

Kuna uchunguzi mwingine unaotuhusu zaidi. Mwaka 2014 Juemin Xu na Nigel Harvey wa London walichambua dau 565,915 za michezo zilizowekwa mtandaoni na watu 776. Wakakuta kitu ambacho kingemfurahisha muumini yeyote wa nyota: walioshinda mfululizo kweli waliendelea kushinda, na walioliwa mfululizo kweli waliendelea kuliwa. Je, nyota ipo? Walipoangalia ndani waliona sababu. Aliyeshinda aliogopa bahati kugeuka, akaanza kuchagua dau zenye uhakika zaidi, ambazo hulipa kidogo. Aliyeliwa aliamini bahati inakuja, akaanza kuchagua dau ngumu zenye malipo makubwa. Mfululizo walikuwa wanautengeneza wenyewe, kwa uchaguzi wao. Nuksi ya aliyeliwa ilikuwa imani yake kwamba nuksi inakaribia kwisha.

Sehemu hiyo nilimsomea mdogo wangu mara mbili. Ndiyo aliyokuwa akiifanya: akishinda anashuka kwenye 1.3, akiliwa anasubiri pinki.

Gharama ya nyota: ya kati. Mtu wa nyota huanza na pesa ya mchezo wenyewe, kwa hiyo mara nyingi anarudi sifuri badala ya kuzama chini yake. Hatari ni kwamba dau lake linapanda wakati anajiona hana cha kupoteza. Elfu arobaini aliyoshinda saa kumi na moja ni pesa yake halali, inanunua unga na mafuta ya pikipiki. Akiiita "hela ya mchezo" ameshaikabidhi.

Nuksi, kwa upande wake, imenishangaza. Kama imani, ni potofu sawasawa na zile nyingine, kwani mchezo haujui kama umeamkia mguu wa kushoto. Lakini kwa mzani wangu ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, kwa sababu inamwambia mtu: leo si siku yako, nenda kalale. Nina mteja mmoja, fundi wa viti, akiliwa mara mbili anasema "leo mkosi", anazima simu. Kwa miaka yote minne sijamwona akirudi mara mbili siku moja. Tahadhari ni moja tu. Wapo wanaokwenda kulipia kusafishwa nyota ili warudi mchezoni, na hapo imani ya bei rahisi inageuka kuwa ghali kushinda kudabo.

Kudabo

Hii inapendwa na wenye akili ya hesabu, na ndiyo niliyoogopa zaidi mdogo wangu aliponielezea kwa furaha. Unaweka elfu moja, unashuka kwenye 2. Ukiliwa unaweka elfu mbili. Ukiliwa tena, elfu nne. Siku ukishinda unarudisha zote na faida ya elfu moja. Haiwezekani kuliwa milele, basi haiwezekani kushindwa.

Tukae tuihesabu. Elfu 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Ukiliwa mara saba umeweka jumla ya shilingi 127,000. Dau la nane ni 128,000, na hapo kijana wa bodaboda ameishiwa, au ana pesa lakini mchezo umemwekea kiwango cha juu cha dau. Kuliwa mara saba mfululizo, kwa nafasi ya asilimia 51 na nusu kila mara, hutokea mara moja katika kila mianzo 104 hivi.

Kwa hiyo chukua mianzo 104. Mara 103 umefaulu, kila moja imekupa elfu moja: 103,000. Mara moja umezama: 127,000. Umepungukiwa elfu 24. Na mianzo 104 ni mizunguko mia mbili na kitu, jioni moja ya mtu aliyekazana.

Ubaya wa kudabo ni kwamba inakufundisha vibaya. Inakulipa elfu moja moja, mara nyingi, kwa uaminifu kama mshahara. Mdogo wangu alishinda siku sita mfululizo na akaanza kuniambia atanunua pikipiki yake mwenyewe. Siku ya saba alikuja mara tano ndani ya saa moja. Mara ya kwanza alisimama, akasalimia. Mara ya tano hakusema kitu, alisukuma noti kwenye kidirisha na macho yake yalikuwa kwenye simu. Kiasi kilikuwa 32,000. Noti mbili kati ya hizo zilikuwa zimekunjwa namna mama anavyokunja pesa zake na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Niliziweka. Najuta mpaka leo kwamba niliziweka bila kuuliza.

Gharama yake: kubwa, na inakuja siku moja. Ndiyo fomula pekee niliyoiona ikifika kwenye pesa za mtu mwingine ndani ya saa moja.

Kutoka mapema, au kusubiri pinki?

Wengine hawatabiri mfululizo, wanabishana juu ya mahali pa kushukia. Waoga wanashuka 1.2, wa kati 2, wenye roho ngumu wanasubiri 10. Kila kundi lina hakika lenzake linaibiwa. Kwa mchezo unaorudisha asilimia 97, nafasi ya ndege kufika namba fulani ni 97 ugawanye kwa namba hiyo, kwa kila mizunguko mia. Dau likiwa elfu moja, mizunguko mia inakuwa hivi kwa wastani:

| Unashukia | Unafaulu mara | Unachopata | Unacholiwa | Tofauti |
|---|---|---|---|---|
| 1.2 | 81 hivi | 16,200 hivi | 19,200 hivi | umepungua 3,000 |
| 2 | 48 au 49 | 48,500 | 51,500 | umepungua 3,000 |
| 10 | 9 au 10 | 87,300 | 90,300 | umepungua 3,000 |

Elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu. Ubishi wote wa kijiweni ni wa kuchagua barabara tatu zinazofika kituo kimoja. Kinachotofautiana ni mtikisiko wa safari. Wa 1.2 anaona ushindi mwingi mdogomdogo, kisha makofi machache yanayofuta mshahara wa mizunguko mitano kila moja. Wa 10 anakaa na ukame mrefu, na ukame ndio unaompeleka mtu kwenye fomula ya zamu.

Kwa hiyo kama ni lazima uchague, kushuka mapema kuna afadhali moja ya kweli: pesa yako inayumba kidogo, hutafutwi na hasira. Lakini hasara yake ni kwamba unakaa muda mrefu, na elfu tatu zinakatwa kila mizunguko mia. Halafu kuna ile staili ya dau mbili kwa pamoja, moja ya kulinda na nyingine ya kuwinda pinki. Hailindi kitu. Umezungusha mara mbili ya pesa, umekatwa mara mbili.

Saa za malipo na siri za kuuzwa

Hapa napita haraka. Wanasema usiku wa manane kindege kinalipa, au akaunti mpya hupendelewa ili mwenye nayo anase, au mfumo ukijua una pesa unakukaba. Kwenye kindege, watu wote mliomo katika mzunguko mmoja mnaona ndege ile ile ikitoweka kwenye namba ile ile, mwenye akaunti ya jana na mwenye ya miaka mitatu. Haiwezi kukuangusha wewe ikambeba mwenzako. Namba ya mzunguko hutengenezwa kwa kuchanganya msimbo wa upande wa kampuni na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na mchezo una sehemu ya kukagua baadaye. Usiku unaona washindi wengi pembeni mwa skrini kwa kuwa wachezaji ni wengi. Walioliwa nao ni wengi, ila wao hawang'ai.

Na hata kama ungekuwa kwenye tovuti isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayokuchezea kweli, jibu la hilo ni kutoka, si kubadilisha saa ya kucheza.

Wauza siri ndio walionifanya niandike kwa ukali. Anayekutumia "signo", yaani utabiri wa mzunguko ujao, kwenye simu anaweza kuonekana amepatia mara tatu mfululizo bila kujua chochote. Anachukua watu 800. Nusu anawaambia ndege itapita 2, nusu haitapita. Waliopata jibu baya anawaacha. Wamebaki 400, anarudia, 200, anarudia, 100. Hao mia wameona kwa macho yao akipatia mara tatu, na wataapa. Hapo ndipo anapotaja bei. Wengine hawachukui hata bei, wanataka ufungue akaunti kupitia kiungo chao, kwa sababu baadhi ya kampuni humlipa aliyekuleta sehemu ya unachopoteza. Ukiliwa yeye anapata. Na ile programu ya kutabiri inayotaka namba yako ya siri, usiiguse kabisa.

Kwa mzani wangu hii ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu umeanza kuliwa kabla hujacheza.

Nilivyompangia mdogo wangu

Aliponiuliza ipi ina afadhali, mwishowe nilimpangia hivi, kutoka inayokula zaidi: siri za kununua, kudabo, zamu, nyota, kusubiri pinki, kushuka mapema, na mwisho kabisa nuksi. Saa za malipo sikuipa nafasi. Inategemea inakukesheza mpaka saa ngapi.

Kisha nikamwambia achukue tabia ya fundi wa viti bila imani yake. Dau moja lisilobadilika, ushinde au uliwe. Kiasi kimoja kilichotengwa kabla, unaweka mara moja tu kwa siku, kikiisha kimeisha. Ukishinda, toa pesa mpaka iwe noti mkononi, isilale kwenye akaunti ya mchezo. Mstari wa namba zilizopita usiutazame kabisa, funika kwa kidole ikibidi. Haya hayatamfanya ashinde, na nilimwambia hivyo wazi. Yanapunguza pesa inayozunguka, basi.

Kwa ambaye tayari anacheza ili alipe deni la kucheza, orodha hii haimhusu. Huyo aingie kwenye mipangilio ya akaunti, kampuni nyingi zenye leseni zina sehemu ya kujiwekea kikomo au kujifungia, ajifungie leo, na amwambie mtu mmoja wa nyumbani. Mke, kaka, mama, yeyote anayeshika pesa vizuri. Ukimya ndio unaofanya noti za pindo la kanga zifike kwenye kidirisha changu.

Mdogo wangu alichagua elfu tatu, Jumamosi tu. Hesabu ya bosi inapita kwangu kwanza, saa kumi na mbili jioni, naiandika na kuituma mwenyewe. Pesa za mama alizirudisha kwa miezi miwili, buku buku.

Alinijaribu mara moja. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu usiku, alikuja na elfu tano mkononi. Nikalifungua daftari, nikaligeuza upande wake ili asome mstari wa mchana wenye jina lake. Alisoma. Akasimama kidogo akitazama taa za daladala za Mbagala. Kisha akanipa buku moja kati ya zile tano.

"Niwekee vocha, dada. Nimpigie mama."